Pikapu ya foo-wili mtaroni: uchambuzi wa kisa cha usiku mmoja wa Januari, Minnesota

Kila majira ya baridi hunifikia simu ya aina hii: mtu wa nyumbani, aliyenunua gari la foo-wili (linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne) kwa sababu ya theluji, yumo mtaroni pamoja na foo-wili yake. Kisa hiki nimekichagua kwa kuwa dereva wake si mgeni wa usukani wala si mtu wa papara, na makosa mengi ambayo watu hupenda kumbandika dereva wa namna hii yeye hakuyafanya. Yeye na shemeji yake, aliyekaa kiti cha abiria, wamekubali nikiandike. Majina, umri, mwajiri, aina ya gari na mahali penyewe nimeviondoa. Saa, mwendo na nyuzi za baridi ni zile walizonipa wao wawili.

## Usuli

Dereva aliivia usukani Tanzania. Kwa miaka kadhaa aliendesha Land Cruiser ya mradi katika bonde moja la mpunga, ambako masika ikiingia udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi. Huko alikuwa na jina. Pale wengine walipolala njiani, yeye alipita. Mbinu yake ilikuwa ile ya madereva wote wa tope: weka foo-wili kabla hujaingia, shika mwendo, usiachie mafuta katikati, ukisimama, umekwisha.

Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, alianza na gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Mwenye gereji alimshauri afunge matairi ya baridi, yale yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, akayafunga. Kwa majira mawili ya baridi gari lile lilimkwamisha mara tatu kwenye maegesho, na halikumtoa barabarani hata mara moja. Alichokumbuka yeye ni zile mara tatu.

Mwaka wa tatu, kabla baridi haijaingia, aliliuza akanunua pikapu iliyotumika, yenye kitasa cha 2H, 4H na 4L, pamoja na matairi ya misimu yote ambayo meno yake bado yalikuwa marefu. Mkewe alimuuliza matairi ya baridi ya gari hili yako wapi. "Hii ni foo-wili, mama," akamjibu.

Hapa inafaa kueleza kidogo jinsi pikapu ya aina hii inavyofanya kazi. Ukiwa kwenye 2H, nguvu ya injini inakwenda magurudumu ya nyuma tu. Ukizungusha kwenda 4H, transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inafunga propela shafti (vyuma virefu vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi moja. 4L ni hivyo hivyo ila kwa gia nzito ya kutambaa. Katikati hakuna difu ya kuzipa shafti hizo mbili nafasi ya kutofautiana. Sasa, gari likikata kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye theluji tairi huteleza kidogo na hiyo tofauti ikaisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza, kwa hiyo shafti na gia zinajikaza na kusokoteka, na kitu cha kwanza kuchoka ni mfuko wako. Magari yenye maandishi ya AWD, ambayo hujigawia nguvu magurudumu yote bila dereva kuchagua, ni habari nyingine: hayo yana difu ya katikati au klachi inayojirekebisha yenyewe, ndiyo maana mengi hayana kitasa cha kugusa.

Hilo dereva wetu alilijua kwa mwili wake mwezi wa Novemba. Baada ya theluji ya kwanza aliacha 4H imewaka mpaka akaingia jengo la maegesho, sakafu kavu, kona za kubana. Pikapu ikawa inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba miguuni, usukani mzito. Fundi akamwambia: 4H ni ya utelezi, 2H ni ya pakavu. Kanuni sahihi kabisa, na akaishika.

## Usiku wenyewe

Mchana ule hali ya hewa ilikuwa ya kudanganya. Joto lilipanda karibu na nyuzi 30 za Farenhaiti, sawa na -1 ya Selsiasi. Kukanyesha manyunyu, halafu theluji kama sentimita 12. Malori ya kuondoa theluji yalipita barabara kuu na kumwaga chumvi. Jioni upepo ukageuka kutoka kaskazini, na joto likaanza kuporomoka.

Dereva na shemeji yake walitoka zamu ya jioni katika nyumba moja ya kutunzia wazee saa 4:20 usiku. Maegesho yalikuwa hayajasafishwa. Dereva aliweka 4H kabla hajasogea, pikapu ikatoka kama iko Aprili. Nyuma yao wafanyakazi wenzao wawili walikuwa wanakoroga theluji kwa magurudumu ya mbele. Akashuka, akasaidia kusukuma, akarudi garini amefurahi. "Shemeji, hiki ndicho chombo," alisema. Shemeji anakumbuka maneno hayo vizuri kuliko dereva mwenyewe.

Kilomita kama 9 za kwanza zilikuwa barabara ya kijijini iliyofunikwa theluji iliyoshindiliwa. Alikwenda na 4H, maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56 hivi. Hapo hakuna la kumsahihisha: huo ndio uwanja hasa wa 4H, theluji mfululizo chini ya matairi yote manne.

Kisha wakaingia barabara kuu namba 94, kuelekea Minneapolis. Lami ilionekana. Sehemu nyingine ilikuwa nyeusi na yenye maji, nyingine ina mistari ya theluji iliyopeperushwa kutoka mashambani. Kioo cha mbele kilijaa matope ya chumvi kutoka kwa magari ya mbele, akawa anarusha maji ya waipa kila baada ya dakika moja au mbili. Alijiuliza kama arudi 2H. Akaamua kubaki 4H, kwa sababu mabaka yalikuwa mengi na kona za barabara ile ni ndefu, si za kusokota shafti.

Mwendo ulipanda taratibu: 40, 45, 50. Gari halikuyumba. Kila alipokanyaga mafuta lilijibu vizuri, bila tairi kuteleza, bila mkia kucheza. Kufikia saa 5 kasoro dakika 10 alikuwa kwenye 55, kilomita 88 kwa saa, wakati kiwango cha juu cha sehemu hiyo ni maili 70. Kipimajoto cha dashibodi kilisoma nyuzi 12, yaani -11 ya Selsiasi. Shemeji akasema, "Afadhali, kioo kimeacha kuchafuka." Dereva akaitikia.

Dakika chache baadaye walipanda daraja linalopita juu ya barabara nyingine. Upande wa pili, kama mita 150 mbele, waliona taa za tahadhari za lori lililosimama, nusu yake likiwa ndani ya njia yao.

Alikanyaga breki. ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, ikaanza kutetemeka chini ya mguu, na pikapu ikaendelea kwenda kana kwamba hakuna aliyeigusa. Anasema alihesabu mapigo ya ABS akasubiri gari liume lami, halikuuma. Zilipobaki mita kama 50 alifanya jambo ambalo naliheshimu sana: aliachia breki, akapinda usukani kidogo tu kwenda kulia, akasubiri magurudumu ya mbele yashike, akaipeleka pikapu mtaroni kwa hiari yake. Ilishuka mteremko wa nyasi, ikazama kwenye theluji mpaka milangoni, ikasimama wima. Hakuna aliyeumia vibaya.

## Saa mbili na nusu ndani ya theluji

Jambo la kwanza lilikuwa kuwasha taa za tahadhari na kupiga 911, namba ya dharura. La pili lilikuwa ubishi. Shemeji alitaka washuke wapande barabarani kuwapungia mkono wanaokuja. Dereva alikataa: kama yeye ameshindwa kusimama pale, atakayefuata atashindwa vilevile, na atakayekuwa amesimama kwa miguu hatakuwa na bati la kumkinga. Wakabaki ndani na mikanda imefungwa. Kabla ya nusu saa kuisha, gari jingine dogo liliteleza likaingia mtaro huohuo, mita chache mbele yao.

Jambo la tatu ndilo dereva analolijutia. Alijaribu kujitoa. Kwanza 4H, halafu akaweka 4L na kuzima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Kwa mtu wa tope hii ni silika. Lakini tumbo la pikapu lilikuwa limekwisha kukalia theluji, na gurudumu linaloning'inia halina nguvu hata uliongezee gia gani. 4L ilizungusha tairi kwa nguvu zaidi, zikachimba, na theluji ikasukumwa kurundikana nyuma, mahali palipo bomba la moshi.

Hapo shemeji ndiye aliyeokoa jahazi. Waliiacha injini ikiunguruma wapate joto, naye akauliza moshi unatokea wapi kama nyuma kumejaa. Dereva akashuka upande wa mbali na barabara, akafukua bomba kwa mikono na koleo dogo la plastiki, na tangu hapo wakawa wanawasha injini dakika 10 kila nusu saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo, na kukagua bomba kila mara kabla ya kuwasha. Moshi ukizibwa hurudi ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Mtaro haukuwadhuru, bomba lile lingeweza.

Bredauni ilifika baada ya saa mbili na nusu na kuwatoa kwa winchi.

## Matokeo

Bampa la mbele lilipasuka, alainimenti ikaharibika, tairi moja likatoka kwenye rimu. Shemeji aliumwa shingo siku tatu. Dereva wa lori alikuwa salama. Lori lenyewe, walikuja kuambiwa, lilisimama pale kwa sababu nalo lilikuwa limeteleza.

## Uchambuzi

Nianze na swali ambalo kila niliyemsimulia kisa hiki huliuliza: je, kosa lilikuwa kubaki 4H barabara kuu? Jibu langu ni hapana, na najua mafundi wenzangu wawili hawatalipenda. Vitabu vya magari haya vinakataza 4H kwenye lami kavu, na dereva asiye na uhakika afuate kitabu. Lakini lami ile haikuwa kavu, ilikuwa ya mabaka, na kwenye barabara iliyonyooka shafti hazipati tofauti kubwa ya kuzisokota. Tena pikapu tupu ina mgongo mwepesi. Kwenye 2H, nguvu yote ikienda magurudumu ya nyuma yasiyo na mzigo juu yake, mkia ungeweza kuzunguka muda wowote alipoongeza mafuta. Wenyeji wengi hupakia mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma kwa sababu hiyo hiyo.

Ila ule mkia unaocheza ni taarifa. Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo. Angekuwa kwenye 2H, kwa mwendo wa maili 40 tu pikapu ingemfinya: tairi ya nyuma ingeteleza kidogo, taa ya kuteleza ingewaka kwenye dashibodi, tumbo lingemkaza, mguu ungelegea. 4H iliigawa nguvu kwa magurudumu manne, kila moja likaombwa kidogo tu, na kidogo hicho barafu iliweza kukitoa. Dereva akaisoma barabara kupitia mguu wa mafuta, na mguu wa mafuta ukamwambia barabara ni nzuri. Mguu wa breki hakuuuliza.

Tairi lina mshiko wa kiasi fulani basi, na mshiko huohuo ndio unaosukuma gari, unaolipinda na unaolisimamisha. Foo-wili inasaidia lile la kwanza. Kwenye kusimama haina cha kuongeza, kwa kuwa breki za kila gari, hata lile dogo alilouza, zinafanya kazi magurudumu yote manne tangu zamani.

Sasa turudi bondeni kwenye mpunga, kwa sababu dereva huyu hakuwa mjinga, alikuwa na elimu ya mahali pengine. Kwenye tope, tatizo lako ni kwenda. Kusimama si kazi. Tope lenyewe ni breki, ukiachia mafuta tu gari limeganda. Miaka yote ile hakuwahi kuhitaji kujiuliza kama gari litasimama. Barafu inageuza mambo: kwenda ni rahisi, hata 2H inakwenda ikishapata mwendo, na kila unachokipata kwa kwenda utadaiwa kwenye kusimama. Mkono uliozoea tope unaweka foo-wili na kushika mwendo. Nusu ya kwanza ya zoea hilo ni nzuri hapa. Ya pili ndiyo iliyompeleka mtaroni.

Tuone mita. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, gari la maili 55 kwa saa huhitaji mita kama 44 za breki kwenye lami kavu, mita zaidi ya 150 kwenye theluji iliyoshindiliwa, na kama mita 300 kwenye barafu. Ongeza mita 25 zinazopita kabla mguu haujafika kwenye breki. Yeye alikuwa na mita 150. Angekuwa anakwenda maili 35, mwendo uleule aliokuja nao kwenye barabara ya kijijini, hata juu ya barafu angehitaji jumla ya mita 140 hivi, pamoja na za kushtuka. Angesimama akisoma namba ya lori. Mimi hesabu hii nilimwonyesha kwenye karatasi mezani kwake, akanyamaza, kisha akaomba karatasi akaiweka kwenye droo ya gari.

Kwa nini alipunguza mwendo kijijini na kuuongeza barabara kuu? Kwa sababu kijijini theluji aliiona. Barabara kuu ilikuwa nyeusi, na nyeusi akaisoma kuwa maji. Waamerika huiita barafu ya namna hii nyeusi, ingawa rangi haina. Ni tabaka jembamba unaloiona lami kupitia kwake. Mambo mawili yalikuwa yameiandaa. Kwanza, chumvi ya kawaida hupoteza makali joto likishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti hivi, na kipimajoto chake kilisoma 12. Pili, daraja hupigwa na upepo juu na chini, halina ardhi ya kulihifadhia joto, kwa hiyo huganda mapema kuliko barabara iliyoambatana nalo.

Halafu kuna kioo. Walipoingia barabara kuu magari ya mbele yalirusha maji. Baadaye yakaacha, nao wakashukuru. Lakini lami bado iling'aa kama imelowa. Barabara inayong'aa isiyorusha maji haina maji: imeganda. Ishara hii ilikuja dakika kadhaa kabla ya lori, ilionwa, ikatamkwa kwa sauti, na ikapokelewa kama neema. Katika visa vyote nilivyowahi kusikiliza sijapata kingine ambacho onyo lilitoka mdomoni mwa abiria waziwazi hivi.

Kuhusu matairi nitasema kwa ufupi kwa sababu hapo sina wa kubishana naye. Mpira wa misimu yote huanza kukakamaa joto likipungua chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Ule wa baridi hubaki laini. Quebec, nchini Kanada, sheria inayalazimisha magari ya wakazi yafunge matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na sheria hiyo haiulizi kama gari ni foo-wili. Pesa aliyoongeza kwenye kitasa ingemfaa zaidi kwenye mpira. Gari lake dogo, na matairi yake yale, lingesimama kwa mita chache kuliko pikapu.

Yaliyofanyika vizuri nayo yasipite. Kuachia breki ili kupata usukani kunapingana na kila msuli wa mwili, naye alikuweza. Kubaki ndani na mikanda kulithibitishwa na lile gari la pili. 4H kuiweka kabla ya kukwama maegeshoni, badala ya kungoja tairi zichimbe, ni zoea zuri la tope ambalo theluji inalikubali. 4L ingefaa kama pikapu ingekuwa bado imesimama kwa magurudumu yake na mguu ukawa mwepesi. Mtaroni ilikuwa koleo la kujichimbia.

Ninalowaelekeza sasa wenye pikapu za aina hii ni hili. Theluji au barafu mfululizo, weka 4H. Lami kavu, itoe, hasa ukikaribia kona za kubana na maegesho. Mabaka, unaweza kuiacha au kuitoa, lakini mwendo usiupange kwa jinsi gari linavyokwenda. Ukiwa umenyooka, nyuma hakuna mtu, kabla ya daraja na kabla ya kona, punguza kisha gusa breki kwa upole. ABS ikitetemeka kwa mguso mdogo, hilo ndilo jibu la barabara, na kitasa hakina la kuongeza. Kidhibiti mwendo, kile kinachoshikilia kasi bila mguu wako, kizimwe tangu nyumbani.

## Mwezi uliofuata

Dereva alifunga matairi ya baridi wiki iliyofuata, kwa mkopo. Pikapu hakuiuza, bado ndiyo inayotoka maegeshoni ya kwanza, na bado anashuka kusukuma wenzake. Droo ina karatasi ya mita, na nyuma ya kiti kuna koleo la chuma.

Februari walikuwa barabara ileile, saa zilezile, kipimajoto kikisoma 10, 4H imewaka, mwendo 45. Shemeji alikuwa amesinzia. Akafumbua macho, akatazama mbele kidogo.

"Shemeji, kioo kimekauka."

Dereva akainua mguu, akagusa breki, ABS ikanguruma. Wakamaliza safari kwa maili 30 kwa saa, malori yakiwapita, wakafika wamechelewa dakika 40. Mkewe alikuwa ameamka anawangoja, akauliza kulikuwa na nini njiani. Wakamwambia hakukuwa na kitu.